Alama Ipi Ipelekwe, Ipi Ibaki Nyumbani

Hotuba kwa wazazi, walimu na wahitimu wa kidato cha sita, iliyotolewa Moshi na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Ndugu Mwenyekiti, waheshimiwa wazazi na walezi, walimu wenzangu, nanyi vijana wetu mliomaliza kidato cha sita: kwa wakubwa zangu, shikamooni. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja tu. Kijana amekwisha kufanya mtihani wa SAT mara moja, mara mbili au hata mara tatu, na sasa anaomba nafasi katika vyuo vya Marekani vinavyopokea wachache kati ya wengi. Je, apeleke alama zipi, na zipi aziache? Kwa mtazamo wa haraka jambo hili linamalizika kwa kubonyeza kitufe kimoja kwenye kompyuta. Nimekaa na vijana wa kutosha mbele ya kitufe hicho, na ninawaambieni kwamba pale ndipo mkono unapotetemeka kuliko hata ndani ya chumba cha mtihani.

Naomba nianze na sisi wenyewe, kwa sababu nusu ya makosa tunayoyafanya katika jambo hili tumeyatoa nyumbani. Sisi tumekulia kwenye matokeo yanayobandikwa. Baraza la Mitihani likishatangaza, matokeo ya shule nzima yanawekwa mtandaoni, namba ya mtahiniwa, divisheni, pointi na alama ya kila somo, na kabla ya adhuhuri jirani ambaye hana hata mtoto shuleni ameshajua nani kapata divisheni wani ya pointi 3 na nani kaambulia sifuri. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, lakini mazoea yetu ya kusoma matokeo ya watu hayakukoma. Tena kwetu kurudia mtihani kuna jina lake, kurisiti, na sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo kwa majivuno. Kwa hiyo kijana wetu anaingia kwenye SAT akiwa na imani mbili ambazo hakuna aliyemfundisha darasani: kwamba matokeo ni ya watu wote, na kwamba mtihani wa pili ni ungamo kwamba wa kwanza ulimshinda.

SAT imetoka katika mila nyingine. Mwenye nao si serikali, bali ni College Board, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoundwa mwaka 1900, na mtihani wenyewe ulifanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1926. Hakuna siku moja ya taifa zima; ziko tarehe kadhaa kwa mwaka, na tangu Machi 2023 watahiniwa walio nje ya Marekani wanaufanya kwenye kompyuta, kwa saa 2 na dakika 14. Alama ni kati ya 400 na 1600: sehemu ya kusoma na kuandika ina 200 hadi 800, na sehemu ya hisabati vivyo hivyo. Zikishatoka, hazibandikwi popote. Zinakaa katika akaunti ya mtahiniwa, naye ndiye anayeagiza ziende wapi. Mwenzake, ACT, ulioanza mwaka 1959, unahesabiwa kutoka 1 hadi 36, na ACT ya 31 inakaribia SAT ya 1400. Mengi nitakayoyasema yanauhusu huo pia, ingawa hapa kwetu wengi hufanya SAT.

Mzazi mmoja alinivuta pembeni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama kuchagua alama za kupeleka si namna ya udanganyifu. Swali lake ni zuri na linastahili jibu la wazi. Tangu mwaka 2009 College Board ina huduma iitwayo Score Choice, ambayo kwayo mtahiniwa anachagua ni matokeo ya tarehe ipi yapelekwe chuoni. Vyuo vinaijua na vingi vinaikubali, na kupeleka ulichoruhusiwa kupeleka hakumdanganyi mtu. Lakini ndani ya huduma hiyo kuna mpaka ambao watu husahau: unachagua tarehe, huchagui somo. Huwezi kuchomoa hisabati ya Oktoba ukaiacha sehemu ya kusoma na kuandika ya siku hiyo hiyo. Tarehe ikienda, inakwenda nzima.

Mpaka wa pili ni mkubwa zaidi. Ruhusa hiyo ni ya College Board, wala si ya chuo. Kila chuo kina kanuni yake, na kuna vinavyotaka kuona kila kitu. Georgetown, kilichoko Washington, kwa miaka mingi kimemtaka mwombaji apeleke kila alama ya SAT na ACT aliyowahi kupata, nzuri na mbaya. Tovuti ya College Board haitamfunga mikono anayekaidi. Wajibu wa kutii ni wa mwombaji mwenyewe. Hapo ndipo kuchagua kunapogeuka kuwa kuficha, na fomu ya maombi inamalizika kwa tamko la mwombaji kwamba aliyoyaandika ni ya kweli na ni kamili. Nafasi iliyopatikana kwa tamko la uongo inaweza kufutwa hata baada ya barua ya pongezi kusomwa kanisani au msikitini.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuitazama alama yako, ni kusoma kanuni ya kila chuo kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na kuisoma mwaka huu. Nasisitiza mwaka huu. Mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa kwa sababu ya korona, karibu vyuo vyote vikubwa viliufanya mtihani kuwa wa hiari, na wengi wetu tukadhani habari ya SAT imekwisha. Haikuisha. MIT ilirudisha sharti la mtihani Machi 2022. Mwaka 2024 wakafuata Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford, kila kimoja kikiwa na mwaka wake wa kuanza na maneno yake ya masharti. Columbia kwa upande wake ilitangaza mwaka 2023 kwamba hiari itaendelea, na Bowdoin, chuo kidogo cha jimbo la Maine, kimekuwa na hiari hiyo tangu mwaka 1969, kabla wazazi wengi waliomo humu hawajazaliwa. Chuo Kikuu cha California nacho, pamoja na kampasi zake zote zikiwamo Berkeley na Los Angeles, hakiangalii SAT wala ACT kabisa katika kuamua nani aingie. Kupeleka 1600 huko ni kupeleka ndizi Kibosho. Ushauri wa kaka yako aliyeomba mwaka 2021, hata kama alifanikiwa, umeshachacha.

Sasa niwaambieni kosa langu. Mtahiniwa anapojiandikisha, hupewa nafasi ya kutaja vyuo 4 vitakavyopelekewa alama zake bila malipo, na nafasi hiyo hubaki wazi hadi siku 9 baada ya mtihani. Alama zenyewe hutoka baada ya wiki mbili hivi. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii sikuifanya. Kijana niliyekuwa nikimsaidia alikuwa mtoto wa mama muuza mboga, na kwa kuwa watahiniwa wa nje ya Marekani ambao si raia wa huko hawapewi msamaha wa ada, kila dola ilikuwa na uzito. Nikamwambia ajaze vyuo vyote 4, kwa sababu ni bure. Akaenda kwenye mtihani na homa ya malaria, macho mekundu, koti la shule juu ya sweta. Alipata 1180, naye alikuwa kijana wa 1350 kwa kila jaribio tulilompa nyumbani. Alama ile ilikuwa imekwishaagizwa kwenda vyuo 4 kabla hata yeye mwenyewe hajaiona, na alama ikishapelekwa hairudi.

Laiti ningalijua wakati ule mambo mawili ninayoyajua sasa. La kwanza, mtahiniwa anayeamka mgonjwa, au aliyekatikiwa na kompyuta katikati, anaweza kuomba alama za siku hiyo zifutwe, mradi afanye hivyo kabla ya usiku wa Alhamisi inayofuata kwa saa za mashariki ya Marekani. Zikifutwa hazionekani na chuo, wala na yeye. La pili, vyuo vingi siku hizi vinakubali mwombaji azijaze alama zake mwenyewe kwenye fomu ya maombi, kisha taarifa rasmi inadaiwa kwa aliyekubaliwa tu. Kumbe hata zile dola nilizokuwa nikiziokoa hazikuwa na haja ya kutumika. Vyuo vyenye utaratibu huo vinalinganisha namba uliyojaza na taarifa rasmi itakapofika, kwa hiyo anayejaza 1402 mahali pa 1420 amekosa mara mbili, kwa sababu alama za SAT daima huishia na sifuri.

Niingie sasa kwenye neno ambalo mtalisikia sana. Wenyewe wanaliita supaskoa, nami nitalitumia hivyo hivyo. Maana yake ni kwamba chuo kinachukua alama ya juu kabisa ya kila sehemu katika tarehe zote ulizopeleka, kinazijumlisha, na jumla hiyo ndiyo kinayokusoma nayo. MIT inafanya hivyo, na vyuo vingi teule vinafanya hivyo.

Binti mmoja alikuja kwangu siku za mwisho za Oktoba, akiwa na daftari la mistari na kalamu ya wino mwekundu. Alikuwa amefanya mtihani mara tatu. Desemba alipata 600 kusoma na kuandika, 690 hisabati. Machi, wiki chache kabla ya mitihani ya kidato cha sita, alipata 650 na 700. Oktoba, baada ya kurudi kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, akiwa na nywele fupi na nguvu mpya, alipata 620 na 760. Katika daftari alikuwa ameandika jumla tatu, 1290, 1350 na 1380, na mbili za kwanza amezikata kwa ule wino mwekundu, msitari ulionyooka kwa rula. Alikuja kuniambia kwamba atapeleka 1380.

Nikamwomba anisomee tena safu ya kusoma na kuandika, kutoka juu hadi chini. Alisoma 600, akasoma 650, akasoma 620, akanyamaza. Alama ya Machi aliyoikata ndiyo iliyobeba 650 yake. Akipeleka Machi na Oktoba pamoja kwa chuo chenye supaskoa, anasomwa kwa 650 na 760, yaani 1410, alama ambayo hakuipata siku yoyote na bado ni yake halali. Ile ya Desemba haimwongezei kitu popote, basi ibaki nyumbani kila mahali inaporuhusiwa kubaki. Fomu ya Common App, ambayo vyuo vingi vinaitumia, inauliza alama ya juu kabisa ya kila sehemu pamoja na tarehe yake, kwa hiyo hata fomu yenyewe imejengwa kwa fikra hiyo. Kwetu mtu hachanganyi Fizikia ya mwaka huu na Kemia ya mwaka juzi akajiita divisheni wani, na nadhani ndiyo maana binti yule, aliyekuwa na akili ya hesabu kuliko mimi, hakuliona jambo lililokuwa mbele ya kalamu yake.

Hadi hapo ni kanuni na hesabu. Sehemu iliyo ngumu ni inayofuata, nayo ni pale chuo kinaposema mtihani ni hiari: ukitaka leta, usipotaka acha, hatutakuhukumu. Hapo kijana hana kanuni ya kumwongoza, na akikosa kanuni anakwenda kutafuta namba. Namba hiyo anaipata, kwa sababu vyuo vingi hutoa kila mwaka jedwali la takwimu liitwalo Common Data Set, ambalo linaonyesha alama ya asilimia 25 na ya asilimia 75 ya wanafunzi wapya walioanza masomo. Anaona, tuseme, 1430 na 1540. Anatazama 1410 yake. Anafunga kompyuta.

Namba ile ya chini anaisoma kama lango, na hilo ni kosa la kwanza. Asilimia 25 maana yake ni kwamba robo ya waliopeleka alama na kuingia walikuwa chini yake. Hao nao wamekaa darasani, wanakula katika bwalo lile lile. Kosa la pili limejificha zaidi, nalo linatokana na hiari yenyewe. Chukueni darasa la wanafunzi 40 ambamo mwalimu anasema: anayependa, ataje alama yake. Watanyoosha mikono walioridhika, wengine watatazama madaftari yao, na mwalimu akipiga wastani wa waliotaja ataandika ubaoni kwamba darasa hili ni hodari mno. Wiki ijayo, mwenye alama iliyokuwa ya kati anautazama ubao, anajiona yuko chini, naye hanyooshi mkono. Wastani unapanda tena. Jedwali la chuo chenye hiari limetengenezwa hivyo hivyo, kwa alama za waliozipeleka peke yao. Kwa hiyo kabla ya kuiogopa namba yoyote, tazameni katika jedwali hilo hilo ni asilimia ngapi ya walioingia walipeleka alama. Iko pale pale karibu yake, na karibu hakuna anayeisoma.

Haya si mawazo yangu ya barazani. Mwanzoni mwa mwaka 2024 wataalamu wanne wa Dartmouth, Elizabeth Cascio, Bruce Sacerdote, Douglas Staiger na Michele Tine, walimkabidhi rais wa chuo hicho, Sian Beilock, uchunguzi wao juu ya waombaji wa miaka ya hiari. Walikuta mamia ya waombaji wa familia zenye uwezo mdogo, wenye alama za 1400 na kitu, ambao walipaswa kuzipeleka ili waonekane, nao wakaziacha. Walizilinganisha na namba za jedwali, wakaona haya. Wasomaji wa maombi, kwa upande wao, huilinganisha alama na mahali ilikopatikana: shule ya aina gani, wenzake wa shule ile wanapata ngapi, nyumbani kuna nini. Mwezi Februari mwaka huo Dartmouth ikarudisha sharti la mtihani, na mojawapo ya sababu ilizozitoa hadharani ilikuwa hiyo, kwamba hiari iliyokusudiwa kuwasaidia wanyonge ilikuwa ikiwanyima ushahidi wao.

Naomba nikae kidogo kwenye neno ushahidi. Ofisa udahili wa chuo cha Marekani anaijua shule ya Connecticut iliyompelekea waombaji kwa miaka 50. Anajua A ya mwalimu wao ina uzito gani. Yetu haijui. Ripoti ya shule yetu inamfikia na wastani wa 78 na maneno "tabia njema", naye hawezi kujua kama 78 ya mwalimu wetu wa hisabati, ambaye sote tunamfahamu kwa ubahili, ni alama ya juu kuliko zote zilizowahi kutolewa shuleni pale. SAT ndiyo karatasi pekee katika bahasha yetu iliyoandikwa kwa mizani anayoishika kila siku. Kwa sababu hiyo msimamo wangu, na sitauficha, ni kwamba kijana wa kwetu anapaswa kupeleka alama mara nyingi zaidi kuliko moyo wake unavyomwambia. Binti wa 1410 na jedwali la 1430 apeleke. Tulibishana naye hadi giza likaingia.

Je, ipo alama ya kuachwa? Ipo, na ninawaambia vijana hivyo bila kuuma maneno. Ikiwa sehemu zote mbili ziko mbali chini ya namba ya chini ya jedwali, si kwa 20 wala 30 bali kwa mia na zaidi, chuo kikiwa cha hiari, alama hiyo inasema jambo ambalo barua za walimu zitalazimika kulikanusha, na barua ina kazi nyingine ya kufanya. Vilevile anayeomba uhandisi akiwa na hisabati ya 610, hata kama jumla yake inapendeza. Pale MIT, ambako mtihani ni lazima, nusu ya katikati ya wanaoingia ina hisabati kati ya 780 na 800, na shule nyingine za uhandisi zinaisoma sehemu hiyo kwa jicho lile lile. Na yuko mwenye PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, aliyepata A tatu, ambaye kusoma na kuandika kulimwangusha kwa sababu kasi ya Kiingereza cha mtihani ule haikumpa nafasi ya kupumua. Huyo simwambii aache. Namwambia arudie, kwa kuwa tarehe ya Desemba huwa bado iko mbele yake kwa vyuo vinavyofunga maombi siku za mwanzo za Januari. Hatawahi kwa vile vinavyofunga tarehe 1 Novemba, na ni heri awe na orodha fupi ya mapema kuliko alama iliyokatwa mguu.

Wapo watakaoniuliza: vipi matokeo yetu ya taifa, hayana thamani? Yana thamani, lakini si kila mahali na si kwa namna moja. Dartmouth, kwa waombaji wa shule za nje ya Marekani, imesema itakubali badala ya SAT au ACT matokeo ya mtihani wa taifa ulio sanifu na unaolingana na A-level. Harvard imeacha mlango kama huo kwa wale ambao kwa sababu za kipekee hawawezi kuufikia mtihani. Yale, kinyume chake, inataja SAT, ACT, na mitihani ya masomo ya AP na IB, na mtihani wetu haumo katika orodha hiyo. Wenye kituo cha SAT umbali wa siku nzima ya basi wana haki ya kuiandikia ofisi ya udahili barua pepe fupi, yenye heshima, na kuuliza; jibu walihifadhi. Hata pale matokeo ya taifa yanapokubaliwa, mwenye divisheni wani ya pointi 3 asiandike "Division I" peke yake. Aeleze kwa sentensi mbili kwamba pointi 3 ni A katika masomo yote matatu, na kwamba hakuna pointi pungufu ya hiyo.

Jambo la fedha nalipitia kwa haraka, ingawa najua ndilo lililowaleta wazazi wengi hapa. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin husoma maombi ya mgeni bila kuangalia kama anaomba msaada wa ada. Vyuo vingi vilivyobaki huangalia, na anayeomba msaada mkubwa hushindania fungu dogo. Katika vyuo hivyo alama iliyo katikati ya jedwali haimfanyii mgeni kazi ile ile inayomfanyia mwenyeji anayejilipia, na mwenye kuhesabu nafasi zake alijue hilo kabla ya kulipa ada za maombi.

Ya mtihani wa lugha ya Kiingereza ni mafupi. TOEFL una muda wake wa miaka 2, kisha unakufa, kwa hiyo wa kidato cha tano usiutegemee bila kutazama tarehe. Tangu mwaka 2019 taarifa yake huonyesha pia alama bora ya kila stadi kutoka mitihani yako iliyo hai, lakini ni chuo kinachoamua kama kitaitazama safu hiyo.

Nirudi kwa binti wa daftari, maana mwanzoni mwa Novemba alikuja tena, safari hii na karatasi moja aliyoichora safu nne: jina la chuo, kanuni yake kwa maneno ya chuo chenyewe, tarehe ya mwisho, na alama anazopeleka. Kwenye chuo kilichotaka rekodi nzima alikuwa ameandika tarehe zote tatu, pamoja na ile 1290 ya Desemba, na hakuikata. Kwenye vyuo vya supaskoa, Machi na Oktoba. Kwenye chuo cha hiari chenye 1430, Machi na Oktoba, na mbele yake alama ndogo ya kuuliza iliyofutwa kwa ufutio mpaka karatasi ikachubuka. California aliiondoa kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipia ada ya mgeni, si kwa sababu ya mtihani. Mlioko nyuma naona mnataka kujua aliingia wapi. Hilo ni lake, nami sikupewa ruhusa ya kulibandika.

Ndugu Mwenyekiti, yangu yamekwisha. Vijana wenye alama, fungueni akaunti zenu. Tutakaa kwenye meza ile ya dirishani, mmoja mmoja, kila mtu na orodha yake ya vyuo. Wazazi, chai na maandazi viko chumba cha pili, karibuni sana, na nawaomba kwa heshima zote msije mkasimama nyuma ya mabega yao.